Aliyeanguka Njiani

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu yetu msomaji, Tabora inapotajwa katika baraza zetu za pwani, watu hukumbuka asali, hukumbuka miembe, na hukumbuka mababu waliotoka Unguja na Bagamoyo kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Ni wachache wanaokumbuka migongo. Nayo njia ile nzima, kutoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ilikaa juu ya migongo ya watu. Gari hapakuwa. Reli haikufika Tabora mpaka mwaka 1912. Punda walikuwako wachache, na mbung'o waliwamaliza. Kila jora la kitambaa, kila shanga na kila waya wa shaba ulipandishwa bara na binadamu, na kila pembe iliteremshwa pwani na binadamu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kama kilo 30, mbali na chakula chake, mkeka wake na silaha yake. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na mtu alihesabiwa kuwa mwanamume kamili akishaiona bahari.

Basi leo twataka kuuliza suali moja katika tarekhe ya njia ile: mtu aliyepooza akashindwa kwenda, alifanywa nini? Na tukishapata jawabu tujiulize sisi wenyewe, tulio na elimu wasiyokuwa nayo wao: mtu wa namna hiyo akiwa nyumbani kwetu, sisi twamfanya nini?

MGENI ALIYEPOOZA MIGUU

Tuanze na habari iliyoandikwa. Mahala palipoitwa Kazeh, ambapo leo ni Tabora, palianza kuwa kituo cha wafanyabiashara yapata mwaka 1852. Miongoni mwa waliopaanzisha ni tajiri wa Kihindi aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri, na Sheikh Snay bin Amir Al-Harthy, mtu wa Maskati ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza halua. Tarehe 7 Novemba, 1857 waliingia Kazeh Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliokuwa wakitafuta maziwa makubwa. Sheikh Snay aliwapokea vizuri, akawapa nyumba, akawa mwalimu wa Burton katika lugha na habari za nchi. Burton mwenyewe, ambaye kalamu yake ilikuwa kali kwa watu wengi na ilijaa dharau kwa Waafrika, alimsifu Sheikh huyu kwa elimu yake na ukarimu wake.

Walipoondoka kuelekea magharibi, mwezi wa Januari 1858, Burton alishikwa na homa kali. Miguu ikawaka kama iliyowekwa motoni, kisha ikawa mizito, ikakataa kumchukua. Mikono nayo ikafa ganzi. Mtu yule akawa hawezi kusimama. Wakamtia katika machela, watu wakambeba mabegani hata akafika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari. Mwenziwe Speke alikuwa haoni vizuri kwa maradhi ya macho, kwa hiyo walifika ziwani mmoja asiyekwenda na mmoja asiyeona. Mwezi wa Juni walirejea Kazeh, na Sheikh Snay akawapokea tena. Speke alipokwenda kaskazini hata akaliona ziwa la Nyanza mwezi wa Agosti, Burton alibaki Kazeh mpaka Septemba. Karibu mwaka mzima ulipita kabla miguu yake haijarudi kuwa miguu.

Huyo ndiye aliyepooza mwenye mali, mwenye bunduki na mwenye barua ya Sultani. Alibebwa.

WALE WASIOBEBWA

Lakini hatuwezi kuisimulia njia ile kwa ukarimu wa Kazeh peke yake. Burton huyo huyo ameandika kwamba katika safari ya kupanda bara alikutana na msafara uliokuwa ukiteremka, nao umepigwa na ndui. Maiti walilala kando ya njia, na waliokuwa hai walipepesuka peke yao, kwa kuwa vijiji viliogopa kuwaingiza. Mpagazi aliyevunjika au kuugua aliweza kuachwa kijijini akijaaliwa, au njiani asipojaaliwa; mzigo wake ulipata mtu mwingine wa kuubeba, yeye hakumpata. Na waliokuwa watumwa, waliofungwa minyororo, hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Wasafiri wengi wa zama hizo wameshuhudia kwamba mateka aliyeshindwa kwenda aliachwa afe, na pengine aliuawa ili wengine wasijifanye wagonjwa.

Tusifiche jambo hili kwa sababu baadhi ya wenye misafara walikuwa watu wa dini yetu na wa pwani yetu. Sheikh Snay naye alikuwa mfanyabiashara wa zama zake. Kumkirimu mgeni ni sifa, na kumwacha dhaifu njiani ni dhulma, na moja haifuti nyengine. Anayesoma tarekhe ili ajisifu tu hupoteza nusu ya faida yake.

KAMBA ILIYOMO MGONGONI

Sasa tuje kwenye elimu, maana bila ya elimu huruma yenyewe huweza kudhuru.

Ndani ya mfupa wa mgongo, uliopangwa pingili juu ya pingili, mna kamba laini nyeupe inayoshuka kutoka ubongoni. Vitabu vya skuli huiita ugwe mgongo. Kwa mtu mzima unene wake ni kama kidole cha mwisho, na urefu wake kiasi cha sentimita 45. Huishia karibu na kiuno, na chini yake huendelea mishipa iliyotawanyika kama mkia wa farasi. Kutoka katika kamba hii hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Wataalamu wetu wa zamani walilijua jambo hili kwa kiasi chao. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Qanun jinsi mishipa inavyotoka jozi jozi baina ya pingili. Na Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusi, bingwa wa upasuaji, aliandika juu ya pingili zilizotoka mahala pake, akaonya kwamba mtu akipooza na kushindwa kuzuia haja zake, hali yake ni ya hatari kubwa.

Mtu anapotaka kuinua mguu, amri hutoka ubongoni, huvuka upande wa pili shingoni juu, hushuka kwa njia ndefu ya ugwe, kisha hukabidhiwa mshipa wa pili unaotoka mgongoni kwenda kwenye msuli. Basi njia ya mwendo ina vituo viwili: kutoka ubongoni mpaka mgongoni, na kutoka mgongoni mpaka kwenye msuli. Ni mfano wa Bagamoyo mpaka Tabora, na Tabora mpaka Ujiji.

Lakini ugwe si njia ya kupita tu. Una kazi zake wenyewe. Ukikanyaga mwiba, mguu hujikunja kabla hujajua kuwa umechomwa. Habari ya mwiba imefika mgongoni, na mgongo umejibu papo hapo bila ya kungoja ubongo. Madaktari huita jambo hili refleksi. Mwingereza Marshall Hall alilieleza kwa uwazi mwaka 1833, na Charles Sherrington alilichunguza kwa miaka mingi hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Ndipo ilipofahamika kwamba ubongo hautumi mgongoni amri ya kufanya tu, hutuma pia amri ya kutulia. Kila wakati huishika mikono ile refleksi isizidi mpaka.

SIKU ZA UKIMYA NA SIKU ZA MSHITUKO

Tuchukue mfano. Tabora mpaka leo ni nchi ya asali, na mizinga hutundikwa juu ya miti ya miyombo. Mtu amepanda kurina asali, tawi limekatika, ameanguka kwa mgongo. Au kijana wa kwetu pwani ameanguka mnazini au mwembeni. Kuanguka si sababu ndogo: katika hospitali ya KCMC, Moshi, uchunguzi wa majeruhi wa mgongo wa miaka 2010 hadi 2014 ulionesha kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza, na ajali za barabarani zikafuata.

Ikiwa ugwe umekatika au umepondeka katikati ya mgongo, mambo huja kwa daraja. Kwanza huja ukimya. Miguu huwa kama nguo mbichi, haina nguvu wala hisia. Hata ile refleksi ya mwiba haipo, na mkojo hujaa bila kutoka. Mgongo wa chini haukufa. Umenyimwa ghafla habari zilizokuwa zikiushukia kila dakika kutoka juu, basi umeduwaa. Ukimya huu huchukua siku, na mara nyingine wiki kadhaa.

Kisha siku moja mama anapomfunika shuka mwanawe, mguu unaruka! Pengine unajikunja wenyewe usiku, pengine unatetema mfululizo kila unapoguswa wayo. Hapo nyumba hugawanyika. Mmoja husema, "Alhamdulillahi, amepona." Mwengine husema, "Hili ni jini, kaiteni mganga." Na wako wanaoufunga mguu kwa kamba ili utulie.

Ndugu yangu, si hilo wala si lile. Mgongo wa chini umezinduka, lakini ile amri ya kutulia kutoka ubongoni haufiki tena. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonesha yanayotokea ndani. Chembe za mgongoni zilizokuwa zikingoja kemikali ya serotonini kutoka juu huanza kujiamsha zenyewe bila hiyo kemikali. Vipampu vidogo vinavyolinganisha chumvi ndani ya chembe hupungua, na kwa ajili hiyo ishara inayopasa kutuliza hupoteza nguvu yake. Na mishipa inayoleta habari za ngozi na misuli huchipua vijitawi vipya kujaza nafasi zilizobaki tupu. Basi mguso mdogo huleta jawabu kubwa. Misuli hukakamaa. Ukikwaruza wayo, kidole gumba huinuka juu badala ya kushuka. Alama hii Joseph Babinski aliitangaza Paris mwaka 1896, na madaktari huitumia mpaka leo. Hata kibofu hujifunza kujimwaga chenyewe kinapojaa, bila ya idhini ya mwenyewe.

Kwa hiyo mguu kuruka si dalili ya kupona, wala si kazi ya shetani. Dalili ya kutia moyo ni nyengine: mgonjwa aambiwe asogeze kidole, naye akisogeze kwa kutaka kwake, au ahisi mguso mahala alipokuwa hahisi. Hayo yakitokea, hasa katika wiki za mwanzo, maana yake ziko nyuzi zilizosalimika, na nyuzi chache zilizobaki zaweza kwa mazoezi kubeba kazi kubwa.

Na hapa ndipo tunapomfahamu Burton. Dalili alizoziandika, kuungua miguu na ganzi ya mikono na miguu kwa pamoja, kisha kupona polepole, zafanana zaidi na maradhi ya kile kituo cha pili, mishipa iliyo nje ya ugwe. Mishipa hiyo Mwenyezi Mungu ameijaalia kuota tena, ingawa kwa mwendo wa kiasi cha milimita moja kwa siku. Nyuzi za ndani ya ugwe hazioti hivyo. Ndiyo maana mmoja hupooza akapona, na mwengine hupooza akabaki, wala si kwamba mmoja ana imani na mwengine hana. Na aliyeumia chini kabisa ya kiuno, kwenye ule mkia wa farasi, miguu yake huweza kubaki imelegea daima, bila ya mshituko wowote.

ELIMU ILIYONUNULIWA KWA VITA

Mambo haya hayakujulikana kwa raha. Tarehe 19 Septemba, 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora baada ya kupigana na Wajerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya jeshi lao la kubeba mizigo. Mwaka uliofuata, 1917, madaktari Henry Head na George Riddoch wa London walichapisha uchunguzi wao juu ya askari waliopigwa risasi za mgongo. Wao ndio walioeleza kwa tafsili jinsi ukimya unavyopita na refleksi zinavyorudi. Lakini walijua bila ya kuweza kuokoa. Askari wengi wa namna ile walikufa, na kilichowaua hakikuwa kile kidonda cha risasi. Waliuawa na vidonda vya kulala na uchafu wa mkojo uliopanda kwenye figo.

Mwaka 1944 daktari mkimbizi kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, alipewa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunga ugwe, na mpaka leo dawa hiyo haijapatikana. Alichofanya ni kitu chepesi kukisema na kizito kukitenda: wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wasafishwe mkojo kwa uangalifu, wanyooshwe viungo, kisha wapewe kazi na michezo. Watu waliokuwa wakingojewa kufa wakaishi miaka mingi. Tazama, aliyewaokoa ni mtu wa kuwageuza kila saa mbili.

WAJIBU WETU

Basi haya ndiyo yatakiwayo katika nyumba zetu.

Kwanza, aliyeanguka asiinuliwe kwa kushikwa makwapa na miguu, wala asikalishwe apewe maji. Ugwe uliopondeka kidogo huweza kukatika kwa mikono ya wenye huruma. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo vikae sawa na mwili, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao au mlango ulionyooka, apelekwe hospitali.

Pili, asiyehisi asikandwe kwa maji ya moto wala asiwekewe kaa karibu. Ataungua na hatajua. Ageuzwe kila saa mbili, na kila siku ngozi ya makalio, nyonga na visigino itazamwe. Wekundu usiopotea ndio mwanzo wa kidonda.

Tatu, viungo vinyooshwe taratibu kila siku visije vikakauka vimekunjika. Mguu unaoruka usifungwe kamba. Ziko dawa za kupunguza mkakamao, kama baklofeni, kwa amri ya daktari. Na mkakamao ukizidi ghafla, tafuteni sababu: kidonda, mkojo mchafu, choo kigumu, hata ukucha ulioingia nyamani. Mwili usioweza kusema "naumwa" husema kwa kuruka.

Nne, aliyeumia juu, shingoni au juu ya kifua, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho na uso mwekundu, hiyo ni hatari ya damu kupanda. Akalishwe wima, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo utazamwe kama umeziba, apelekwe upesi kwa daktari.

Tano, asinyimwe sala yake. Sahaba Imran bin Huswain alipokuwa mgonjwa alimuuliza Mtume (S.A.W.), akafundishwa kuwa mtu husali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Asiyeweza kuzuia mkojo, kwa madhehebu yetu ya Shafi, hujisafisha na kujifunga, hutia udhu baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, na husali papo hapo. Asiambiwe kuwa yeye ni najisi. Na Qur'ani imemwondolea kiwete lawama kwa asiloliweza. Basi sisi ni nani tumlaumu? Msikiti usio na njia ya kiti cha magurudumu hapana budi uifanye njia hiyo. Na asiwekwe chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Ana akili yake, ana mali yake, ana haki yake ya kushauriwa, kuoa na kufanya kazi.

Wako watakaosema: kisomo je? Kisomo ni rehema, na dua ni silaha ya Muislamu. Lakini anayesoma juu ya kidonda bila ya kukisafisha amefanya nusu, na anayemtoza maskini mbuzi na dirhamu kwa kutoa jini lisilokuwako amekula haramu.

Ndugu msomaji, sote tumefundishwa kuwa waumini ni mfano wa mwili mmoja, kiungo kikiumwa mwili wote hukesha. Elimu ya mishipa yatuonesha kuwa mfano huo ni wa kweli hasa, na yatuonesha pia ni nini huwa pale habari inapokatika njiani: kiungo kinaungua na kichwa hakijui. Mji nao huweza kupooza hivyo. Mgonjwa yuko chumba cha nyuma, ana kidonda, na barazani watu wanakunywa kahawa, hapana aliye na habari.

Misafara ya Tabora imekwisha. Tembe zimeanguka, na yako mengine yaliyojengwa upya ili watu wayatazame. Wale walioachwa kando ya njia hatuwajui majina yao, ila Mola wao anawajua, na Siku ya Kiyama wataulizwa waliowapita. Nasi tutaulizwa juu ya wetu. Basi akiwa yuko mmoja katika mtaa wako, nenda leo baada ya Alasiri, kaa naye, na umwambie mama yake alale, zamu ya kumgeuza usiku huu ni yako.

Wabillahi tawfiq.